Kimya Kisicho Usingizi

Katika kazi yangu ya kutoa dawa za usingizi, dawa ninayoiheshimu kuliko zote haimlazi mtu. Haiondoi maumivu, haifuti kumbukumbu, haipunguzi hofu hata kidogo. Inachofanya ni kulegeza kila msuli ambao mtu huutumia kwa hiari yake: wa kope, wa ulimi, wa vidole, wa mbavu, pamoja na kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo. Mwishowe mgonjwa hawezi kukunja uso wala kuvuta pumzi. Moyo unaendelea kupiga, kwa kuwa wenyewe hauko chini ya amri hiyo. Masikio yanaendelea kusikia. Asipopewa dawa nyingine ya kumlaza, mtu huyo yuko macho.

Haya yameandikwa katika vitabu vyote vya taaluma yetu. Niliyasoma, nikayajibu vizuri kwenye mtihani. Aliyenifanya niyajue ni mkulima mmoja aliyeumwa na swila.

Aliletwa usiku kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na nduguye ili asianguke. Ilikuwa hospitali ya kusini mwa Tanzania, nami nilikuwa bado mwanafunzi. Nduguye alieleza kwamba nyoka alimuuma kifundoni akiwa shambani anafukuza nguruwe, kwamba kope zilianza kushuka njiani, kisha maneno yakawa mazito, kisha hakusema tena. Alipolazwa kitandani hakuwa akipumua. Mapigo ya moyo yalikuwepo. Mwalimu wangu, muuguzi wa usingizi mwenye umri wa mama yangu, alimtia mpira wa kupumulia kooni bila sindano yoyote, maana hapakuwa na msuli wa kumzuia. Tukakamua mfuko wa hewa kwa zamu mpaka mashine ya kupumulia ilipopatikana. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ilipatikana kesho yake.

Kwa siku kadhaa alilala pale, macho yamefumba, mikono imelegea. Watu walipita, wakasema yao. Mmoja alisema huyu amekwisha. Wawili walibishana kama mashine hiyo isingefaa zaidi kwa mgonjwa mwingine. Wengine walizungumza bei ya ufuta. Kisha asubuhi moja nyusi zikacheza, halafu vidole, na sumu ilipoisha mpira ukatolewa. Maneno yake ya kwanza kwangu, kwa sauti iliyokwaruzwa na ule mpira, yalikuwa: "Mwanangu, mimi nilikuwa nawasikia."

Alisimulia yote, na kwa mpangilio. Alijua nani alisema nini. Alisema mpira ulimuumiza, lakini hilo angelivumilia. Kilichomtisha kuliko vyote ni siku tulipomfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu, tukimgeuza upande huu na upande ule bila kumwambia neno. Alidhani anaoshwa maiti. Alijitahidi kutoa shahada na ulimi haukusogea, akawa anaisema moyoni, akingoja kusikia sanda ikikatwa.

Mwalimu wangu alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi kwa niaba ya wodi nzima. Kisha alinivuta pembeni akaniambia kwamba alichofanya swila ndicho tunachofanya sisi kila siku kwenye chumba cha upasuaji, tofauti ikiwa ni vile vitu vingine tunavyompa mgonjwa pamoja nacho.

Alikuwa sahihi kwa maana kamili ya neno. Neva inapotaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka upenyo mdogo sana na kutua kwenye vipokezi vya msuli, kama abiria anayeingia daladala na kukaa kiti chake. Kiti kikikaliwa, msuli unakaza. Sumu ya swila, na dawa zetu kama vekuroniamu, rokuroniamu na atrakuriamu, ni wavamizi wa viti. Hukaa bila kutoa amri yoyote, na asetilikolini ikifika haina pa kukaa. Suksamethoniamu ni tofauti kidogo: nayo hukaa kitini, ila kwanza hutoa amri kwa fujo, ndiyo maana misuli ya mgonjwa hucheza chini ya ngozi kwa sekunde chache kabla ya kulegea. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopanda hadi kwenye ubongo na kumlaza mtu.

Mfaransa Claude Bernard aliliona hili kwa vyura katika miaka ya 1850. Alikuwa akichunguza kurare, sumu ambayo wenyeji wa misitu ya Amerika Kusini hupaka kwenye ncha za mishale. Alifunga mishipa ya damu ya mguu mmoja wa chura ili sumu isiufikie, akiacha neva zake zikiwa nzima, kisha akampa sumu. Mwili wote ulilegea isipokuwa mguu ule. Na alipobana ngozi ya sehemu iliyolegea, mguu ule uliobaki huru ulishtuka. Maumivu yalikuwa yanafika. Mwili ulikosa tu pa kuyasemea, isipokuwa pale alipoacha pawe huru. Sijui jaribio jingine katika historia ya tiba linalonigusa kuliko hili la mguu wa chura.

Hata hivyo kurare ilipoingia hospitalini, wapo waliotaka kuamini kwamba huenda inalaza pia. Huko Salt Lake City, Marekani, daktari Scott Smith alijitolea mwili wake. Alidungwa zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachotosha kusimamisha pumzi, bila dawa yoyote ya usingizi, wenzake wakimpumulisha. Aliwajibu kwa ishara mpaka ishara ya mwisho ikamwishia. Dawa ilipokwisha nguvu, aliwaeleza kila walichofanya na kusema. Taarifa ilichapishwa mwaka 1947, na tangu hapo hakuna mtaalamu wa usingizi anayeweza kusema hakujua.

Mtu atauliza: kwa nini basi tuitumie dawa ya namna hii? Kwa sababu bila hiyo upasuaji mwingi tunaoufanya leo ungekuwa mauti. Zamani, ili tumbo lilegee na daktari aweze kufika kwenye utumbo, ilibidi mgonjwa azamishwe kwenye etha mpaka karibu na mpaka wa kifo. Mzee, au mwenye moyo dhaifu, hakustahimili. Tarehe 23 Januari 1942 huko Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walitumia kurare iliyosafishwa kwa mgonjwa wa kidole tumbo, na tumbo likalegea bila kuongeza gesi. Miaka michache baadaye Cecil Gray na John Halton wa Liverpool walieleza njia ambayo bado ndiyo msingi wetu: usingizi wa kiasi, kutuliza maumivu, kulegeza misuli, na kumpumulia mgonjwa kwa mkono au mashine. Kila jukumu likapewa dawa yake. Mgonjwa wa pepopunda ambaye misuli yake inajikaza hadi kuvunja mifupa, aliyetobolewa utumbo na taifodi, mtoto mwenye kitu kilichonasa kwenye njia ya hewa: wote hawa nimewaona wakiokoka kwa sababu misuli ililegea kwa wakati.

Lakini kugawa majukumu kuna hatari yake. Zamani mgonjwa akikaribia kuamka alijikunja, alikohoa, alisukuma mkono wa daktari. Mwili ulimlalamikia. Aliyelegezwa misuli hana malalamiko. Dawa ya usingizi ikiisha kwenye mashine, mrija ukichomoka mshipani, dozi ikiwa ndogo kupita kiasi, hakuna kitakachobadilika mezani. Ametulia vilevile.

Mama mmoja alikuja kwetu kujifungua mtoto wa pili akakataa katakata kuingia chumba cha upasuaji, ingawa njia ilikuwa nyembamba na mtoto ameanza kuchoka. Alimng'ang'ania mkwewe mlangoni. Nilipopiga magoti karibu naye akanieleza. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji wa nusukaputi, kwingine, miaka ya nyuma. Alisikia wakisema ni wa kike. Alisikia mikono ndani ya tumbo lake. Alijaribu kupiga kelele na hakuwa na mdomo. Alipowaeleza baadaye, walimwambia ilikuwa ndoto za dawa. Akanyamaza miaka yote, hata mumewe hakumwambia, na tangu siku ile hawezi kulala chumba chenye giza.

Nilimwambia ninamwamini. Hakuna dawa niliyompa siku ile iliyomsaidia kuliko sentensi hiyo, na ninaisema kwa uzito wote. Tulimchoma sindano ya mgongoni, akabaki macho kwa hiari yake safari hii, nikakaa kichwani pake nikimweleza kila hatua, na mtoto alipolia alimwona.

Kisa chake si cha ajabu kama wengi wanavyofikiri. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa mwaka 2014 ulikusanya taarifa za wagonjwa waliosema walikuwa na fahamu chini ya nusukaputi. Kwa ujumla ilikuwa mgonjwa 1 kati ya takriban 19,000. Palipotumika dawa ya kulegeza misuli ilikuwa 1 kati ya 8,000 hivi. Isipotumika, 1 kati ya 136,000 hivi. Kwa mama wanaopasuliwa kujifungua kwa nusukaputi ilikuwa takriban 1 kati ya 670. Sababu ya hilo la mwisho tunaijua: haraka ni kubwa, na dawa hupunguzwa kwa kuhofia kumlewesha mtoto na kuzuia mji wa mimba usikaze. Hao ni waliosema wenyewe, katika nchi ambazo mgonjwa huulizwa. Kwetu mwanamke hutoka wodini na kichanga chake, watu wanashangilia, na hakuna anayemuuliza alikumbuka nini.

Kwa hiyo tunatafuta lugha nyingine ya mwili. Machozi yanayotiririka chini ya plasta ya macho. Jasho kwenye paji la uso. Mapigo na presha vinavyopanda kisu kinapopita. Lakini anayevuja damu presha yake haipandi, na dawa za moyo huficha mapigo. Ndipo nampenda sana daktari Michael Tunstall wa Aberdeen, Uskoti, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu akina mama wa upasuaji wa kujifungua. Alifunga mkanda wa presha mkononi mwa mama na kuujaza upepo kabla ya kumdunga dawa ya kulegeza, ili dawa isiufikie mkono ule. Kisha akamwambia: kama unanisikia, kunja vidole. Ni mguu wa chura wa Claude Bernard umerudi, safari hii kwa kumhurumia mwenye mwili. Mkanda hauwezi kukaa umejaa muda mrefu kwa kuwa mkono utakosa damu, na si kila upasuaji unaufaa. Ila mkanda wa presha upo katika kila chumba cha upasuaji nchini, hata pale ambapo mashine ya kupima mawimbi ya ubongo haijawahi kuonekana. Naufundisha kwa kila mwanafunzi anayepita mikononi mwangu.

Kuna mengine ambayo dawa hizi hudai, na nitayapitia kwa ufupi kwa sababu yanagusa maisha ya kwetu. Suksamethoniamu inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu tunaujua. Kwa kawaida nguvu zake huisha ndani ya dakika 5 hadi 10, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo kwenye damu huivunja. Lakini kimeng'enya hicho huharibiwa na aina fulani za dawa za kuulia wadudu. Siku moja alifika kijana aliyekuwa akinyunyizia nyanya bila barakoa wala glavu, anatokwa mate na jasho, kifua kimejaa, anahitaji mpira haraka. Mkono wa mwenzetu ulikwisha fika kwenye friji. Mwalimu wangu alimzuia kwa neno moja: "Nyanya." Dawa ile ya dakika chache ingekaa mwilini mwa kijana huyo kwa saa nyingi. Alitumia nyingine. Mtaalamu wa usingizi katika nchi ya wakulima lazima aulize habari za shamba.

Upo pia mwisho wa upasuaji. Ili kuwaondoa wavamizi vitini tunampa mgonjwa neostigmini, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe, ikaongezeka mpaka ikawashinda kwa wingi, pamoja na atropini ili moyo usipungue kasi mno. Sugamadeksi, dawa mpya zaidi, haigombei viti kabisa. Huikumbatia rokuroniamu au vekuroniamu yenyewe na kuiondoa. Bei yake inaiweka mbali na famasi zetu nyingi. Basi tunategemea macho yetu: inua kichwa sekunde 5, shika mkono wangu, kohoa. Inatosha kwa kiasi, na haitoshi. Mgonjwa anaweza kuinua kichwa na koo lake bado likawa halina nguvu ya kulinda njia ya hewa. Kifaa kidogo cha betri kinachoshtua neva mara 4 na kupima kama mshtuko wa nne una angalau asilimia 90 ya nguvu ya wa kwanza ndicho kinachosema kweli. Njia hiyo inajulikana tangu mwaka 1970. Naona ni aibu yetu kwamba tunanunua viti vipya vya ofisi kabla ya kifaa hicho.

Na chupa zenyewe zikae mbali na nyingine. Huko Nashville, Marekani, mwaka 2017, mgonjwa aliyekuwa akisubiri kipimo cha picha alipaswa kupewa midazolamu ya kumtuliza. Akapewa vekuroniamu, akaachwa peke yake, akafa. Muuguzi alitiwa hatiani na mahakama mwaka 2022. Kila ninaposoma habari hiyo namfikiria mgonjwa yule dakika ile ya kwanza. Lebo za dawa hizi zina rangi nyekundu kwa makubaliano ya kimataifa. Nani anazisoma saa 9 usiku ni swali jingine, kwa hiyo sisi tumezifungia kwenye kisanduku chao chenye kufuli.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi mambo ni mazito zaidi, maana huko hatuhesabu dakika bali siku. Miaka ya Uviko-19 wengi walijifunza kwamba mapafu yaliyojaa ugonjwa hukataa kwenda pamoja na mashine, mgonjwa anashindana nayo, na kila pambano linaumiza mapafu zaidi. Kulegeza misuli humaliza ugomvi. Uchunguzi wa Ufaransa wa mwaka 2010, wenye wagonjwa 340, ulionyesha kwamba kufanya hivyo kwa saa 48 kuliokoa baadhi. Ule wa Marekani wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 1,006, haukuona tofauti ya vifo. Mimi nausoma huu wa pili kama ruhusa ya kutokuwa na haraka. Kila saa ya kulegezwa ina gharama: misuli hunyauka, na mgonjwa anayepona huenda akalazimika kujifunza upya kusimama; macho yasiyofumba vizuri hukauka na kuchubuka, kwa hiyo tunayapaka mafuta na kuyabandika; kifafa kikimpata, ubongo unaungua na mwili umetulia tuli. Nimeona watu wakiandikiwa dawa hii kwa sababu wanasumbuasumbua kitandani. Anayesumbuka ana sababu: kibofu kimejaa, mrija umejikunja, maumivu, woga. Kumnyamazisha kabla ya kutafuta sababu ni kumfanyia dhuluma, hata kama chati itaonekana nzuri.

Ndugu wanaporuhusiwa kuingia huniuliza kwa sauti ya chini kama anasikia. Nawajibu: mchukulieni kwamba anasikia. Mwambie wewe ni nani, shangazi yake au kaka yake. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, kwamba mpira uliomo kinywani ni wa muda, kwamba kutosogea kwake ni dawa na dawa hiyo itaondoka. Kama ni mtu wa dua, mwombee kwa sauti. Habari za deni la hospitali, mirathi, na nani amekwisha piga simu kijijini, zisemeni nje. Wauguzi wangu hufanya vivyo hivyo: "Shikamoo baba, ni mimi tena, nataka kukuvuta makohozi, itakera kidogo." Wageni wanaotuona tukizungumza na mtu asiyejibu hutushangaa mwanzoni.

Ila kabla sijawafungulia ndugu mlango nakwenda kwanza kwenye pampu. Natazama kama dawa ya usingizi inakwenda na ya maumivu inakwenda, nafuata mrija kwa vidole tangu pampu hadi mshipani, napima presha na mapigo, nafungua plasta nitazame macho kama yana machozi. Maneno mema hayamlazi mtu. Nikikuta bomba la sindano la usingizi linakaribia kuisha, ndugu watasubiri koridoni mpaka jipya liwe limefungwa na kuanza kusukuma.